Kiwiko cha Mama Debra

Mjini Kisumu daktari wa meno utampata, wa macho utampata, wa watoto ndiyo usiseme. Lakini daktari wa ngozi, yule aliyesomea ngozi na ngozi tu, huyo ukimpata umshukuru Mungu na ukae kwenye foleni kwa adabu. Sasa itazame bahati ya Dorca Achola, mjane wa marehemu Ogola, mkaushaji wa omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye ufuo mmoja upande wa Bondo. Kati ya mabinti wote wa kando ya ziwa, daktari wa ngozi alikwenda kumwoa wa kwake.

Siku ya harusi Dorca alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Hakujua bado. Alikuja kujua mwaka uliofuata, ngozi yake mwenyewe ilipoanza kuharibika, kwamba mtaalamu anayemhitaji ndiye mwanamume ambaye hawezi kumvulia hata kitambaa cha kichwa.

Kwa wasiojua mambo ya huku, mama na mume wa binti yake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawashikani mikono, hawali meza moja, na mama halali chini ya paa la mkwe wake, liwe liwalo. Hayo ni kwa Wajaluo. Wabukusu, ambao ndio watu wa mkwe huyo, daktari Wepukhulu, ni wakali zaidi. Huko mtu akimwona mama mkwe anakuja njiani, anaingia kwenye mahindi mpaka apite. Najua vijana wa siku hizi wanacheka. Wanapiga picha na mama wakwe zao, mashavu yamegusana, na dunia inaendelea. Lakini Wepukhulu alilelewa na nyanya yake Kimilili, Dorca naye akalelewa na wa kwake Bondo, na nyanya hao wawili, ambao hawakuwahi kuonana, wangekubaliana kwa kila neno.

Mambo yalianza hivi. Debra, binti yake, alikuwa mjamzito, miguu imevimba, na mama yake akampelekea omena na unga wa wimbi huko Migosi, mjini Kisumu, anakoishi na mumewe. Nia yake ilikuwa kurudi jioni ile ile. Mvua ikaamua vingine. Ilinyesha mpaka barabara zikawa mito, magari yakakataa kutoka, na Debra akafunga mlango huku anacheka: "Leo huendi popote, mama." Daktari mwenyewe alikuwa zamu hospitalini na hakuonekana mpaka kesho yake. Lakini paa lilikuwa lake. Dorca alilala kwenye kochi na nguo zake zote, hata viatu hakuvua, ili ikibidi kujitetea aweze kusema hakulala, aliketi tu kwa muda mrefu. Asubuhi aliondoka na maumivu ya koo na moyo mzito.

Wiki chache baadaye viwiko vikaanza. Ngozi ikawa nene, nyeusi yenye wekundu, na juu yake yakatokea magamba meupe makavu yanayopukutika. Kisha magoti. Kisha kiuno na mgongo, na kichwani chini ya nywele. Kila asubuhi alikung'uta shuka kabla ya kufagia uwanja, asije mtu akaona.

Hakuna aliyemwambia kwamba ni chira. Chira ni ile adhabu inayomwandama mtu aliyevunja mwiko, ikamkausha yeye na pengine hata wajukuu wake, na haihitaji kutangazwa. Dorca alijishtaki mwenyewe na akajihukumu mwenyewe, na adhabu alikuwa tayari ameivaa. Kanisani aliimba akiwa na mikono mirefu hadi vidoleni, jua likiwaka nje, na wenzake wakasema Mama Debra siku hizi amekuwa mtu wa fasheni.

Kisha Bridget akazaliwa.

Hapo ndipo uchungu ulipoingia. Mjukuu wa kwanza, msichana, macho makubwa ya Ogola kabisa, na nyanya yake anaogopa kumgusa. Dorca alikuja Migosi na zawadi, akaketi kwenye kiti cha karibu na mlango, na kila mara mtoto alipoletwa alikuwa na sababu. Mikono yangu inanuka omena. Nina mafua. Nimetoka safari, nina vumbi. Debra alicheka mara ya kwanza. Mara ya pili hakucheka. Ziara zilizofuata mtoto hakuletwa tena, alibaki begani kwa mama yake, na Dorca alimtazama kwa mbali, akaaga mapema, akaenda kulia kwenye choo cha stendi.

Halafu Debra akapiga simu. "Mama, niambie tu ukweli, sitakasirika. Ni kwa sababu babake ni Mbukusu?"

Dorca angesema nini? Kwamba nyumba yenu ndiyo iliyoniletea? Angemwambia Debra, Debra angemwambia mumewe, na mkwe angejua hali ya mwili wake. Alisema mtandao unasumbua, akakata simu. Binti akachukua kule kukata simu kuwa ndio jibu. Tangu siku hiyo simu zikawa za salamu tu, fupi, za watu wasiojuana.

Aliyemwokoa ni Aloo, jirani yake, mwenye mdomo usio na breki na moyo mzuri. Aloo aliingia bila kubisha, kama kawaida yake, akamkuta Dorca anasugua kiwiko kwa jiwe la kusugulia visigino, damu inatoka.

"Mayo! Dorca, unajichuna kama samaki?"

Dorca akamwambia yote. Ikawa kama kutua gunia. Aloo alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Na hospitali?"

"Bondo nilienda. Walisema hii ni ya mtu wa ngozi, Kisumu."

"Si uende!"

"Mtu wa ngozi wa Kisumu ni nani, Aloo?"

Aloo akakumbuka mkwe ni nani. Halafu akauliza, "Kwani hospitali nzima iko na yeye peke yake?"

Alipiga simu huko huko, akaulizia, akaambiwa kwamba daktari wao akisafiri huja mwingine kumshikia. Na haikupita wiki mbili, Debra, katika zile salamu zake fupi, akataja kwamba baba Bridget angekuwa Nairobi Alhamisi kwa mkutano. Dorca alishukuru Mungu kwa mkutano huo kuliko waliouandaa. Alhamisi alfajiri alivaa gauni la mikono mirefu, akafunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi, Aloo akamsindikiza hadi stendi ya Bondo, na kabla ya saa nne alikuwa ameketi kwenye benchi la kliniki ya ngozi.

Benchi hilo lina vituko vyake. Kwingine wagonjwa huulizana wanaumwa nini na kuhurumiana. Hapa kila mtu anamkagua mwenzake kwa pembe ya jicho huku akificha lake. Kulikuwa na kijana aliyevuta kofia mpaka puani, chunusi zimemjaa mashavuni. Mama mmoja alikuwa na mtoto mwenye mashilingi ya fangasi kichwani, duara juu ya duara. Dada mmoja uso wake ulikuwa na rangi mbili, na mtu yeyote aliyewahi kupita vibanda vya vipodozi pale Kibuye angejua krimu gani ilimfanyia hivyo. Mvuvi mmoja alikuna vidole bila kupumzika. Dorca aliwatazama na, ajabu, akajisikia nafuu. Alikuwa amedhani ni yeye tu.

"Dorca Achola!" muuguzi aliita.

Muuguzi huyo ni Sista Jentrix, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Alimfungulia mlango Dorca, akaingia nyuma yake. Ndani, daktari alikuwa ananawa mikono kwenye sinki, mgongo kwao.

"Karibu, mama, keti," alisema bila kugeuka.

Dorca hakuketi. Sauti hiyo alikuwa ameisikia mara nyingi, zaidi kupitia milango na simu ya Debra, lakini aliijua. Daktari naye akageuka huku anajifuta mikono.

Msimlaumu kwa kutojua. Kadi ilikuwa imeandikwa Dorca Achola, na yeye tangu aanze kuchumbia hakuwahi kumwita mama huyu kwa jina lake; alikuwa Mama Debra, basi. Mkutano wa Nairobi ulikuwa umeahirishwa jana yake, na hakuna aliyeona haja ya kumpigia Dorca simu kuhusu hilo. Wakatazamana kwa muda ambao haukutosha hata kupiga chafya. Kisha Wepukhulu akafanya alichofundishwa na nyanya yake. Alitafuta mahindi. Mahindi hayakuwepo, lakini kulikuwa na pazia la kijani linalozunguka kitanda cha wagonjwa, akaingia huko mzima mzima. Dorca naye akakimbilia mlango, akagonga kifua cha Sista Jentrix kilichokuwa kimeujaza.

"Kwani kuna nini?" Jentrix aliuliza. "Daktari, mbona umeingia kitandani?"

"Ni Mama Debra," pazia lilisema.

Kama Jentrix angekuwa mtu wa kwingine, hadithi hii ingeishia hapo. Lakini Jentrix anatoka Bungoma, na ana wakwe watatu. Alielewa mara moja. Alifunika mdomo kwa kiganja, mabega yakamtikisika kidogo, kisha akatoa kiganja akiwa na uso wa kazi.

"Mama anaweza kumngoja daktari mwingine," Wepukhulu alisema kutoka kule ndani. "Jumatatu atakuwepo. Nitamwambia amwone wa kwanza kabisa."

Ilikuwa njia nzuri ya kutokea, na Dorca aliiona. Jumatatu angekuja daktari mgeni. Lakini alijijua. Alijua kwamba akivuka mlango ule hatarudi Jumatatu wala Jumatatu nyingine, ataenda nyumbani achukue lile jiwe, na Bridget atatambaa, atatembea, atakwenda shule bila kujua mikono ya nyanya yake ina joto gani.

"Sista," alisema huku anautazama mlango, "mwambie nikitoka hapa leo sitarudi."

Kisha pazia likasema polepole, "Basi tutafanya leo. Sista, tusaidie."

Jentrix akapanga watu kama polisi wa trafiki. "Mama, tazama dirisha. Daktari, toka huko, hapo ni mahali pa mgonjwa, na utazame ukuta. Haya, mama, pita. Taratibu. Daktari, usigeuke bado! Mama ameingia. Sasa keti."

Kwa hiyo Dorca akawa ndani ya pazia na Jentrix, na mkwe wake akawa nje, kwenye kiti, uso kwa chati ya ukutani. Dorca alivua gauni. Jentrix alimsaidia, na alipouona mgongo hakushtuka wala hakurudi nyuma; aliweka kiganja chake juu ya bega la Dorca, penye gamba kabisa, akakiacha hapo. Tangu mambo haya yaanze hakuna mtu aliyekuwa amemgusa Dorca pale. Machozi yalimtoka kabla ya swali la kwanza.

"Nieleze unachoona, Sista," daktari alisema.

"Mabaka manene, daktari. Kingo zake zimejitenga vizuri. Magamba meupe, yanang'aa kidogo. Yako mgongoni, kiunoni, magotini."

"Kwenye mikunjo? Ndani ya viwiko, nyuma ya magoti?"

"Hakuna."

"Kichwani?"

"Yapo. Yamefika mpaka nyuma ya sikio."

"Mwulize mgonjwa kama yanawasha sana au kidogo."

"Mama, yanawasha sana au kidogo?"

"Mwambie kidogo. Yanauma nikisugua."

"Anasema kidogo. Yanauma akisugua."

"Mwambie asisugue. Kusugua ndiko kunakoyaita mengine."

Wakaendelea hivyo, maneno yakipita kwa Jentrix kana kwamba mmoja yuko Bondo na mwingine Kimilili, na kati yao kuna kitambaa tu. Mwishowe Jentrix akachoka. "Nyinyi mnasikizana. Mimi si redio."

Daktari alikohoa. "Mama," alisema, na safari hii hakuwa anamsemesha Jentrix, "samahani. Kuna mahali pamoja ni lazima nione kwa macho yangu. Sitaki kubahatisha na ngozi yako. Kiwiko kinatosha."

Dorca alifikiri. Kiwiko, kwa kweli, hakikuwa katika orodha ya nyanya yake. Wanawake hufua nguo na viwiko wazi mbele ya dunia nzima. Alivuta upande wa pazia kidogo, akasogeza bega, na kiwiko chake cha kulia kikatokea nje peke yake, kikiwa kimetangulia, bila mwenyewe.

Wepukhulu alivuta kiti. Alivaa glavu. Dorca alihisi mwanga wa kitochi, halafu vidole, vyepesi sana, vikizunguka ukingo wa baka, vikikwangua magamba machache juu ya kioo kidogo. Alishika kiwiko kile kwa heshima ambayo watu wengine hawaipati hata wakiwa wazima na suti. Akaomba vidole pia, akazitazama kucha moja moja, zilikuwa na vishimo vidogo ambavyo Dorca mwenyewe hakuwahi kuvitilia maanani. Kisha akaenda na kioo chake kwenye hadubini chumba cha pili, awe na hakika kwamba si fangasi.

Aliporudi alikuwa na maswali. Kabla ya haya kuanza, aliumwa koo? Dorca akaduwaa. Alikuwa ameumwa sana, baada ya mvua ile. Na je, katika ukoo wao kuna mwingine aliyewahi kuwa na kitu kama hiki?

"Baba," Dorca alisema, na akashangaa kujisikia akisema. "Baba alikuwa na viwiko hivi hivi. Watu walisema ni kuegemea ukingo wa mtumbwi. Alizeeka navyo."

"Basi alikuachia shamba na hivi pia," daktari alisema, na Jentrix akacheka kwa wote watatu.

Kisha akauliza swali ambalo, baadaye, Dorca alimweleza Aloo neno kwa neno. Humwuliza kila mgonjwa, si yeye tu. "Mama, ugonjwa huu umekuzuia kufanya nini?"

Dorca alifungua mdomo kusema hakuna. Kwenda kanisani bado alikwenda. Omena bado alianika. Jentrix alikuwa amemfunika mgongo kwa shuka na kumshika mkono, na pazia lilikuwa kati yake na uso wa mkwe wake, na pengine ni pazia hilo lililompa nguvu.

"Sijamshika mtoto," alisema.

Akajivutia shuka mpaka shingoni, akaendelea.

"Tangu azaliwe sijamshika. Niliogopa nitamwambukiza. Nililala kwenye nyumba yako, daktari, ile siku ya mvua, na baadaye hii kitu ikaanza. Nilijua ni chira. Nilisema heri anichukie lakini akue na ngozi yake nzuri."

Jentrix ndiye aliyeona, kwa sababu yeye peke yake aliweza kuona pande zote mbili. Daktari alikuwa amevua miwani na kubonyeza macho kwa kidole na gumba.

"Mama," alisema hatimaye, na sauti yake haikuwa ya kazini tena. "Nilijua ulilala kwangu. Debra aliniambia. Nilikuwa zamu, mvua inanyesha, mke wangu yuko peke yake na mimba kubwa, na niliposikia uko naye ndipo nilipoweza kufanya kazi. Sikupata nafasi ya kukushukuru. Mambo ya chira mimi si mtu wa kuyasemea. Lakini hii uliyo nayo nimeiona kwa watu ambao hawajawahi kuwa na mkwe, wengine hawana hata binti. Inaitwa soriasisi. Ni mwili wenyewe unatengeneza ngozi kwa haraka kupita kiasi. Inapita kwenye damu ya ukoo, na ugonjwa wa koo unaweza kuiamsha. Sitakudanganya, haiponi ikaisha kama malaria. Itapungua sana, itaondoka, pengine itarudi, na ikirudi tutaituliza tena. Nitakupa dawa ya kupaka na mafuta ya kulainisha, na lile jiwe ulitupe."

"Na mtoto?"

"Haiambukizi."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama. Hata ungelala naye kitanda kimoja kila siku. Ungeweza kumshika siku ile aliyozaliwa."

Hayo maneno ya mwisho yaliingia kama maji baridi. Dorca alilia hapo kitandani, alilia kwa shukrani na alilia kwa miezi ile iliyopotea bure, na hayo ni machozi mawili tofauti ingawa hutoka jicho moja. Jentrix alimwacha alie. Daktari naye alikaa kwenye kiti chake huku foleni nje ikianza kunung'unika.

"Mimi nilidhani ni mimi," Wepukhulu alisema taratibu. "Nilimwambia Debra asikusumbue. Nilimwambia, mama yako hakunitaka, mwache, tutamlea wenyewe."

"Wewe?" Dorca alisahau kulia. "Mimi nikukatae wewe? Kila Jumapili nakutaja kwa maombi, na jina lako lilivyo gumu!"

Jentrix alilazimika kuketi.

Dorca alipomaliza kuvaa, daktari akarudi kwenye ukuta wake na kumwambia jambo moja zaidi. Alichokisikia humo ndani ni siri ya mgonjwa, hata Debra hatamwambia. "Hilo ni lako, mama. Uende mwenyewe." Dorca alisimama mlangoni, akautazama mgongo ule wa koti jeupe. "Ero kamano, nyathina," alisema. Asante, mwanangu. Wepukhulu hajui Dholuo nyingi, lakini maneno hayo alikuwa amefunzwa na mkewe, na mgongo wake ukainama kidogo.

Debra alifungua mlango wa Migosi akiwa na mtoto begani na uso wa mtu aliyeamua kutoumia tena. "Mama. Mbona hukusema unakuja? Baba Bridget hayuko, safari yake iliahirishwa, yuko kazini."

"Najua. Natoka kwake."

Dorca hakuketi kwenye kiti cha karibu na mlango. Alisimama katikati ya sebule na akakunja mikono ya gauni lake, wa kushoto, kisha wa kulia, mpaka juu ya viwiko. Debra alitazama. Aliona magamba, aliona na michubuko ya jiwe, na kidogo kidogo uso wake ukaanza kubadilika, kwa kuwa yeye ni mke wa daktari wa ngozi na hakuhitaji kuelezwa sana.

"Tangu lini?"

"Kabla hajazaliwa. Niliogopa nitampa. Debra, haikuwa Ububusu, sijui Ubukusu, mimi hata kutamka siwezi. Ilikuwa hii."

"Mama, na si ungeniambia!"

"Sasa nimekuambia. Nipe mtoto wangu."

Debra alimpa. Alimpa haraka haraka kisha akaenda jikoni, akafungua maji ya bomba kwa nguvu ili asisikike, na akasikika tu. Bridget alikuwa mzito kuliko Dorca alivyokuwa amekisia kwa macho muda wote ule. Alikuwa na harufu ya maziwa na ya mafuta ya mtoto. Alimkazia nyanya yake macho ya Ogola, akamchunguza kwa muda bila kuamua, kisha akapeleka kiganja chake kwenye kile kiwiko, akakishika gamba kwa gamba, na wala hakuona cha ajabu. Dorca alimwimbia. Alimwimbia nyimbo zote alizokuwa amemwekea, na Debra akatoka jikoni akaketi sakafuni karibu na miguu yao.

Jua lilikuwa limeanza kulala pale waliposikia hatua kwenye ngazi. Hatua zilifika mlangoni zikasimama. Mwenye nyumba alikuwa ameona viatu vya mama mkwe nje. Jirani mmoja akamwuliza mbona haingii kwake, naye akajibu kwamba anapunga upepo, na wakasikia mkoba ukiwekwa chini na mtu mzima akiketi kwenye ngazi ya simenti.

Dorca alimtazama mtoto aliyekuwa amelala kifuani kwake, mdomo wazi. Alijua gari la mwisho la Bondo halitamngoja, na alijua kuna mtu ametoka kazini na njaa yake. Miezi yote hiyo alikuwa mtu wa kuaga mapema.

"Daktari," aliita kuelekea mlangoni, kwa sauti ya chini asimwamshe mtoto. "Nivumilie kidogo. Bado sijashiba."

"Mshike, mama," mkwe wake alijibu kutoka nje. "Mshike tu."